Mjadala: Dawa za kuku ziuzwe kwa cheti cha daktari tu?

Mfugaji wa layazi (kuku wa mayai), Busia, Uganda (mwenye mada)

Jamani, tulijadili hili bila matusi. Jumamosi kikao cha wafugaji wa mtaani kwetu kilivunjika. Mzee mmoja alisema tu kwamba sheria iliyopo itekelezwe: antibayotiki ya kuku isiuzwe mpaka mtu aje na cheti cha daktari wa mifugo. Watu wakainuka na viti vyao. Kwenye makaratasi jambo hilo halina ubishi, dawa hizi ni za kuandikiwa na msimamizi ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Dukani mambo ni mengine. Unasema "wanaharisha", unaulizwa "ni wangapi?", unakabidhiwa pakiti ya antibayotiki, ule unga wa njano. Ushaondoka.

Nina layazi 500 na nilikuwa miongoni mwa walioinuka. Kilichonigeuza ni kusoma nyuma ya pakiti, kitu ambacho miaka yote sikuwahi kufanya. Magonjwa yote yaliyoorodheshwa pale ni ya kuku: mafua, kuharisha, kuvimba viungo. Mlaji hatajwi. Na bakteria wanaomlaza mlaji hawamsumbui kuku mkubwa hata kidogo! Salmonela aina ya Enteritidis anakaa ndani ya kuku anayekula vizuri na kutaga kila siku, kisha anaingia kwenye yai kabla ganda halijafunga. Kampilobakta anajaa utumboni mwa broila, na broila ananenepa tu. Kwa hiyo nisidanganye mtu kwamba namwaga dawa ili watu wale kuku salama. Namwaga ili nisipate hasara. Cheti kiwepo.

Mfugaji wa broila, Mukono

Dada, umesema vizuri mpaka hapo mwisho. Cheti nikichukue wapi? Daktari wa serikali huku kwetu ana pikipiki moja na eneo zima la kuzunguka, na mafuta yenyewe mpaka umchangie. Broila hawasubiri. Wakianza kujikunyata asubuhi, jioni unafukia. Wale wenye mashamba makubwa wana daktari wao wa kuajiriwa, cheti watajiandikia humo humo. Tutakaobanwa ni sisi wa kuku 200 au 300. Halafu mtatuambia tuchanje. Chupa ya chanjo ya dozi 1,000 ukishaichanganya una saa 2 tu, mwenye kuku 200 anamwaga iliyobaki. Nani anamlipa?

Mama wa watoto watatu, Jinja

Nyie bishaneni. Mimi mwaka jana niliambiwa kliniki nina taifodi, na nilichokula ni mayai tu. Tangu hapo sigusi.

Daktari wa mifugo, Mbale

Mama wa Jinja, pole. Taifodi ya binadamu inaletwa na Salmonella Typhi, na huyo makao yake ni binadamu peke yake. Unaipata kwenye maji au chakula kilichofikiwa na kinyesi cha mtu, kuku hahusiki. Lakini kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kinachopendwa sana kwenye kliniki zetu hukorogeka, kwa sababu Enteritidis ana alama za mwilini zinazofanana na za Typhi. Inawezekana kabisa yai ndilo lililokuuguza, ila jina la ugonjwa ndilo walilolikosea. Mtu mzima mwenye afya huharisha siku chache akapona kwa maji yenye chumvi na sukari. Wa kuogopea ni mtoto mdogo, hasa mwenye malaria au utapiamlo, na mtu mwenye VVU. Kwao bakteria hawa huvuka utumbo wakaingia kwenye damu, na hapo ndipo antibayotiki inapotakiwa kufanya kazi yake.

Sasa niwarudie wafugaji. Nasema cheti ni lazima, na nasema pia cheti peke yake hakitamsaidia mlaji wa Kampala. Marekani mwaka 2005 waliiondoa antibayotiki ya enrofloksasini kwenye kuku kwa sababu kampilobakta alikuwa ameizoea, na dawa ya jamii hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwatibu watu. Kwetu dawa hiyo bado tunaikoroga kwenye maji ya kuku kama juisi. China waliiondoa antibayotiki nyingine, kolistini, kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, baada ya kugundulika kwamba usugu wake unarukishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Na kolistini ni katika dawa za mwisho mwisho hospitalini.

Ila tazameni waliofanikiwa walianzia wapi. Sweden walipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, lakini salmonela walikuwa wanamsaka shambani tangu 1961. Uingereza mpango mkubwa wa kuchanja layazi ulianza 1998, na 2017 ndipo wenye mamlaka ya chakula wakawaambia hata wajawazito wanaweza kula yai bichi lenye muhuri wa mpango ule. Walianzia kwa kifaranga na chakula chake. Hapa kwetu nani anamuuliza mtotoleshaji kama kuku wazazi wake wamepimwa? Kuku mzazi mmoja mwenye salmonela anawapa vifaranga ndani ya yai, na wakishalala kwenye boksi moja usiku kucha wanaambukizana. Nani anapima mukene, wale dagaa wetu, anayeanikwa chini kwenye mchanga, ndege wakimnyea, kisha akasagwa kwenye chakula cha kuku?

Ndugu wa Mukono, kwa chanjo una haki, na dawa ya hilo ni majirani watano kuchanja siku moja kwa chupa moja. Mwenye layazi asiruke ile chanjo ya taifodi ya kuku, aina ya 9R. Bakteria wake ni jamaa wa karibu wa Enteritidis, kwa hiyo inamkinga kuku na kumpunguzia mlaji pia. Lakini ni chanjo hai. Ukichanja Jumatatu, kisha Jumatano ukaweka unga wa njano kwenye maji, umeiua chanjo yako mwenyewe. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kampilobakta hana chanjo dukani. Huyo anazuiwa na viatu: viatu vya bandani visitoke bandani, basi.

Mwenye mada, Busia

Daktari, hukugusa siku za kusubiri baada ya dawa, zile ambazo mayai hayatakiwi kuuzwa. Fanya hesabu na mimi. Kuku 500 wakitaga asilimia 80 ni mayai 400 kwa siku. Siku 7 ni mayai 2,800, yaani trei 93. Kwa 11,000 trei, nimwage zaidi ya milioni moja? Kuku wakati huo hawaachi kutaga, na wanakula kama kawaida. Sijaona jirani anayemwaga. Mimi mwenyewe nilishayauza, niseme ukweli.

Mchinjaji wa sokoni, Kampala

Wote mnaongelea bandani. Njooni kwangu saa 10 jioni muone pipa la kunyonyolea. Asubuhi maji ni safi, yanatoa mvuke. Kuku wa kwanza anaingia, wa kumi anaingia, wa sitini anaingia, na kila mmoja akizamishwa anaachia kinyesi. Jioni maji yana rangi ya chai ya maziwa, yamepoa, manyoya hayatoki mpaka uvute kwa nguvu. Kuku aliyefugwa bila dawa na wa dawa wanatoka mle mle. Kubadilisha maji ni kuni na ni jerikani, na mteja ananunua kwa uzito tu. Cheti cha daktari kitafanya nini pale?

Kijana wa boda, Tororo

Mwaka 2023 NDA waliwaambia wabunge kwamba kuna nguruwe na kuku wanaolishwa dawa za kufubaza VVU. Sasa nyie mnabishania unga wa njano. Haya.

Daktari wa mifugo, Mbale

Mchinjaji, umenena. Wanunuzi nao wasimwoshe kuku mbichi chini ya bomba, maji yanarushia bakteria kwenye kachumbari. Apikwe mpaka maji ya pajani yawe meupe.

Mwenye mada, nikuulize moja. Yale mayai yanayopasuka unampelekea nani?

Mwenye mada, Busia

Aah, daktari. Kwa anayekaanga rolex, zile chapati za mayai, pale stendi. 6,000 trei.

Muuza rolex, Busia

Nyabo, mimi ndiye niko stendi na nasoma. Mayai si yanaiva kwenye kikaango?

Daktari wa mifugo, Mbale

Yanaiva. Kile kikombe cha plastiki unachopigia mayai tangu asubuhi kinaiva? Na nyanya unazoweka juu zikiwa mbichi, unazikata kwa mkono gani?

Muuza rolex, Busia

Sawa. Kesho usiniletee yaliyopasuka. Ila ukinipandishia bei ya mazima, nyabo, nitavuka mpaka wa Kenya, nikanunue kwa wale wa upande wa pili, na wao sijui wanatumia unga gani.