Gugu karoti limejaa kwenye vifusi vya mgodi tulivyofunika: tunakosea wapi?

Kifusi_Kijani
Wakuu, habari za kazi. Tuna hekta 12 za vifusi vya mgodi vilivyosawazishwa na kufunikwa udongo wa juu, unene sentimita 30, mteremko wa wastani. Nyasi zilipandwa mvua zilipoanza, na mbolea ya naitrojeni ikamwagwa kwa wingi. Zimeota mabakamabaka, na kati ya mabaka hayo gugu karoti limesimama, mengine yana maua. Tumefyeka mara mbili, linarudi fupi na kutoa maua karibu na ardhi. Tukapuliza glaifosati, dawa ya kuua magugu, nusu halikufa. Tunakosea wapi? Tena kuna rundo la udongo wa juu la awamu ya pili, nalo limeota gugu hilohilo. Tulitandaze tu?

Jembe_na_Bomba
Mkuu, acheni kufyeka. Gugu karoti likikatwa juu ya shingo ya mzizi huchipua pembeni, na kila chipukizi hukimbilia kutoa maua. Hali ikiwa nzuri, tangu kuota hadi ua la kwanza ni kama wiki 4 tu, na mche mmoja ulioshiba hutoa mbegu zaidi ya 15,000. Fyekeo lililopita kwenye maua linabeba mbegu hadi pale palipokuwa safi.

Yenye maua yang'oeni sasa, udongo ukiwa na unyevu. Shika shina chini kabisa, vuta taratibu mpaka mzizi mkuu utoke mzima. Ukikatika, chimbua kilichobaki. Tia kwenye mfuko na ufunge papo hapo, usirundike kando ya njia. Glavu, mikono mirefu na barakoa ni lazima: gugu hili huwasha ngozi vibaya, na chavua yake huamsha pumu. Mwenye mzio apewe kazi nyingine.

Anzeni na vichaka vidogo vilivyojitenga, hasa upande wa juu wa mteremko na kando ya mitaro, kwa sababu maji ndiyo yanayoshusha mbegu. Penye msitu wa gugu mtaingia baadaye.

Pua_ya_Bomba
Kuhusu glaifosati, mambo mawili huiharibu sana migodini. La kwanza ni vumbi: dawa hii hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo jani lenye vumbi la barabara linaipokea ikiwa imekwishakufa nguvu. La pili ni maji. Maji ya bwawa la mgodi yakiwa na tope au chokaa nyingi huifunga dawa ndani ya tangi. Tumieni maji safi yasiyo na tope, na kama ni maji magumu (yenye chokaa nyingi), yeyusheni kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kilo 2 kwa lita 100, ndipo dawa ifuate.

Ila hata ikifanya kazi, glaifosati inaua na nyasi zenu, na pale patupu ndipo gugu litakaporudi. Ndani ya nyasi, dawa iitwayo 2,4-D ya amini inafaa zaidi: inaua majani mapana na kuacha nyasi, mradi nyasi zimeanza kutoa machipukizi ya pembeni. Puliza gugu likiwa bado changa, majani yametanda chini kwa duara. Likishasimama, dozi ileile haitoshi.

Pimeni bomba kabla. Pima mita 10 kwa 10, tia maji matupu, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yaliyotumika. Ikiwa ni lita 2.5, hiyo ni lita 250 kwa hekta, na bomba la lita 16 linatosha mita za mraba 640. Lebo ikisema lita 2 kwa hekta, kila bomba linapata mililita 128. Kukisia kwa kifuniko ndiko kunakoleta mistari iliyoungua na mistari iliyopona.

Kifusi_Kijani
Shukrani sana. Nimesahau kusema: nyasi zimechanganywa na mikunde.

Pua_ya_Bomba
Basi 2,4-D isipite hapo, itaimaliza mikunde. Ng'oeni kwa mkono, au pakeni glaifosati kwa kitambaa kwenye gugu lililozidi nyasi urefu. Metsulfuroni, dawa nyingine ya magugu, nayo iepukeni: kwenye udongo wenye chokaa hukaa muda mrefu, na mikunde mtakayopanda baadaye inaweza kudumaa.

Udongo_wa_Juu
Mimi ningetazama nyasi kabla ya dawa. Naitrojeni nyingi mwanzoni hulisha gugu, kwa sababu lenyewe hukua haraka kuliko nyasi za kudumu. Msimu huu msiongeze. Pimeni fosforasi, ambayo mara nyingi ndiyo pungufu. Palipoota gugu, udongo una uhai. Palipokataa hata gugu, chimbeni shimo mpime unene wa udongo na pH (kipimo cha uchachu). pH ikiwa chini ya 5, huenda mwamba wenye salfaidi (madini ya salfa yanayotoa asidi) uko karibu na juu, na mbegu mtakazorudishia hapo zitakufa chokaa isipowekwa kwanza.

Mabaka yaliyosafishwa yapandwe upya mvua zikiwepo, mbegu ndogo zifukiwe milimita 5 hadi 10 tu. Msilime: jembe huibua mbegu za gugu zilizozikwa, nazo hudumu miaka kadhaa ardhini.

Rundo lisitandazwe likiwa na maua. Liueni gugu kwanza, tandazeni, subirini mvua ioteshe mbegu zilizomo, ueni miche ikiwa na majani 2 hadi 4, kisha pandeni bila kuchokonoa udongo. Penye mteremko mkali subira hiyo italeta mmomonyoko, kwa hiyo huko tandazeni matandazo yasiyo na mbegu na mpande mara moja, mkijua palizi ya mkono itakuwa nzito. Tingatinga lioshwe kabla ya kuhama, hasa minyororo na chini ya tumbo, kisha mpite sehemu lilipooshewa kila wiki 3 kung'oa yanayochipua.