Naomba ushauri: picha za kapcha hazifunguki kwenye Firefox

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina duka dogo la kompyuta hapa Arua, wateja huja kujaziwa fomu za mtandaoni. Kuna tovuti moja, ukifika pale pa kuthibitisha kwamba wewe si roboti, Firefox inaonyesha miraba mitupu. Hakuna taa za barabarani, hakuna basi, hakuna kitu. Chrome kwenye mashine hiyohiyo inazileta, ingawa imegota toleo la 109 kwa kuwa bado tuko Windows 7.

Saa na tarehe ziko sawa. Kuki nimefuta. Nilichoshuku ni programu ya kuzuia matangazo (niliiweka kuokoa bando), maana picha hizi hutoka seva nyingine, si ya tovuti yenyewe, na huenda inazikata njiani. Lakini hata kwenye dirisha la faragha hali ni ileile, na huko viongezi (programu ndogo za kivinjari, kama hiyo ya matangazo) huwa vimezimwa usipoviruhusu mwenyewe. Hapo ndipo nimekwama.

Je, ni ule ulinzi wa Firefox dhidi ya ufuatiliaji? Dirisha la faragha huukaza zaidi. Nikiuzima kwa tovuti hiyo tu, itatosha? Tafadhali msiniambie ninunue mashine mpya, pesa yenyewe iko wapi.