Misonobari michanga imedumaa kwenye njia za trekta

Swali: Wakuu, shamba lilivunwa, likapandwa misonobari upya. Kwenye njia zilizotumika kuburutia magogo, miche ni nusu ya urefu wa mingine na sindano, yaani majani yake membamba, zimepauka. Niongeze naitrojeni?

Jibu 1: Mbolea iache kwanza. Chimba shimo la sentimita 40 pembeni mwa mche mmoja. Ukikuta mizizi imefika kina cha sentimita 10 hadi 15 kisha ikageuka kutambaa, na udongo unabanduka kwa vipande bapa kama vigae, huo umeshindiliwa. Mvua ikinyesha maji yanasimama na mizizi inakosa hewa. Kiangazi udongo unakuwa mgumu, haipenyi. Mbolea hapo itanenepesha magugu tu.

Jibu 2: Naam. Dawa ni kupasua kwa jino refu la trekta, kama sentimita 50, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu, jino hukata kama kisu kwenye sabuni bila kuvunja kitu. Finyanga udongo wa kina hicho: ukitoa kamba nyembamba isiyokatika, subiri. Na hufanywa kabla ya kupanda. Ukipita karibu na miche iliyopo utakata mizizi.

Jibu 3: Kagua pia palipochomwa marundo ya matawi. Majivu hupunguza tindikali ambayo msonobari huipenda, na moto mkali huua kuvu wanaosaidia mizizi kunyonya fosforasi. Ukirudishia miche, tia kwenye kila shimo konzi ya udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa yenye afya.

Muulizaji: Vipande bapa vipo, kina cha sentimita 12. Mbolea nimeiahirisha.