Kitabu cha manowari na majahazi, muuzaji anasema ni cha 1873. Nichukue?

Mzee wa Kutandika
Wakuu habari za jioni. Mimi ugonjwa wangu ni vitabu vya zamani vyenye picha, hasa vya meli za kivita na historia ya pwani yetu, navinunua kwa wale jamaa wanaotandika chini mitaa ya Posta. Sasa juzi nimekuta kitabu cha Captain Sulivan, yule Muingereza aliyekuwa anakimbizana na majahazi ya watumwa huku kwetu na meli yake Daphne. Michoro kibao, kuna mpaka ya watumwa waliookolewa wako juu ya deki, mbavu zinahesabika. Ukurasa wa mbele umeandikwa London 1873, jamaa anataka 350,000, anadai ni orijino na kuna mzungu keshaulizia. Karatasi nyeupe safi, nyuma kina barkodi. Bei hiyo ni halali? Na nyie mnaokaa karibu na bahari mnavitunzaje, maana vyangu vimeanza kuota ukungu.

Nahodha Nchi Kavu
1873 na barkodi wapi na wapi mkuu hahahaa. Huyo mzungu nae kila siku anaulizia, hanunui.

Fundi Chapa
Mkuu hiyo ni chapa ya kurudia. Wanapiga picha kurasa zote za toleo la kwanza pamoja na ule wa mbele, ndo maana mwaka unabaki 1873. Geuza huo ukurasa uangalie nyuma yake, ukikuta ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, basi habari imeisha, zile namba zimeanza kutumika miaka ya mwisho ya 60.

Hata zisingekuwepo, michoro ingekwambia. Sulivan alipiga picha kwa kamera na nyingine alichora kwa mkono, lakini wakati ule mashine ilikuwa haiwezi kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi, kwaiyo fundi anaichonga upya kwenye ubao mistari kwa mistari ndo inapigwa wino. Kwenye orijino mistari ni myembamba na unaifuata mmoja mmoja mpaka kwenye kivuli, kwenye ya kurudia kivuli kimeshikana kimekuwa doa jeusi. Alafu pitisha kidole nyuma ya ukurasa, chapa ya zamani mara nyingi unahisi herufi zimebonyea. Kama ni ya kurudia mi nisingetoa zaidi ya elfu 50.

Mzee wa Kutandika
ISBN ipo. Nimemuuliza anasema hiyo iliwekwa na maktaba.

Bi Shangani
Maktaba inaweka mhuri mwanangu, haiweki ISBN. Mie nakusanya vya Unguja tu. Kabla hujatoa pesa tafuta orodha ya picha, huwa mwanzoni karibu na yaliyomo, kaa chini uhesabu moja moja. Kuna watu wanakata picha kwa wembe wanatia fremu wanawauzia watalii, ukikunjua pale kwenye mshono unaona kijipande chembamba cha karatasi kimesimama peke yake. Ramani za kukunja ndo za kwanza kuondoka.

Jengine, maelezo ya chini ya picha usiyaamini sana. Nnacho kimoja kimeandika picha ya Forodhani ni ya 1900, na mnara umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani. Haiwezekani! Mnara ule uliharibika kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vya Sayyid Khalid, yule aliyejitwalia usultani, vile vya dakika arobaini hazifiki, na walipotengeneza ndo wakaupachika ule wa saa kwenye jengo lenyewe. Na ukiona milingoti mitatu imechomoza baharini mbele ya mji, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani waliyoizamisha siku ile ile, ilikaa hivyo mpaka 1912 ilipovunjwa. Basi picha yenye milingoti ni baada ya vita na kabla ya 1912, hata kitabu kiseme nini.

Kijana wa Kibokoni
Shikamoo Bi Shangani, hiyo ya milingoti naenda kuangalia kwangu sasa hivi.

Mzee wa Kutandika, ukungu ni hivi: rafu isigusane na ukuta, acha nafasi ya mkono upepo upite, na usivifunge kwa mifuko ya plastiki, hapo ndo unavipikia unyevu. Kilichoota kitenge na vingine, usikifute kikiwa kibichi utaupaka kurasa zote, kianike kivulini kikauke kwanza ndo upige brashi laini nje ya nyumba. Vile vijipakiti vya ndani ya maboksi ya viatu pia vyasaidia ukivitia kwa kabati.

Mimi wazimu wangu ni Königsberg. Ile manowari ya Kijerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Unguja Septemba 1914, ikaenda kujificha delta ya Rufiji mpaka Julai 1915 Waingereza walipoimaliza, alafu Wajerumani wakachomoa mizinga yote kumi wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko hapa kwetu Fort Jesus, watu wanaupita tu. Natafuta kitabu cha Kijerumani chenye picha zake, hata jalada likiwa limetoka sijali. Pia chochote cha Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika.

Mzee wa Kutandika
Bi mkubwa shikamoo na asante. Nimerudi nikakaa chini nikahesabu mbele yake, picha zote zipo, ramani ipo. Tumemalizana elfu 45 na mzungu wake hakutajwa tena.

Kijana wa Kibokoni, cha Liemba ninacho, Kijerumani, kuna picha inaunganishwa Kigoma bado mbavu tupu. Jalada halipo na ukurasa mmoja umechanika. Siuzi, nabadilisha na kitu cha Lamu au Kilwa. Njoo inbox.