Herufi moja ikikosana kwa jina lako, sistimu ikukatae ama ikukubali? Tujadili

Kijana wa Umoja
Wakuu nisaidieni kufikiria hii maneno juu mimi nimechoka. Mzee wetu alituacha mwaka jana na alikuwa na akiba kwa sacco moja hapa tao, mrithi aliandika mathe. Mathe ni Achieng', ng' ya ng'ombe, kitambulisho kinasema hivyo na fomu zao za kitambo zinasema hivyo. Tukafika kaunta, dada wa pale akafungua fomu ya madai, akabonyeza, akatuambia "mama, haimechi". Tukaangalia skrini pamoja na yeye herufi kwa herufi, A-c-h-i-e-n-g na ile koma ya juu, kila kitu sawa mpaka yeye mwenyewe akacheka. Lakini sistimu imekataa na hana ruhusa ya kupita hapo, ati twende kwa wakili tuape kwamba Achieng' na Achieng' ni mtu mmoja. Nawaomba msome hiyo sentensi tena. Elfu mbili imeenda kwa kiapo, na bado hatujalipwa.

Binamu yangu anaandika programu, ndiye aliona shida. Fomu ya madai niliijaza mimi kwa simu, na simu yangu ikiweka ritifaa, yaani hiyo koma ya juu, inaweka ile imejikunja, kwa hesabu ya Unicode, ile orodha inayopa kila alama ya kompyuta namba yake, ni namba 8217. Ile ya kibodi ya ofisi ni iliyonyooka, namba 39. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni kama vile mtu ameandika Achienx. Basi hoja yangu ni hii: kila ofisi inayoshika pesa za watu ilazimishwe kutumia sistimu ya kukaribiana, jina likikaribia lipite. Hii ya herufi kwa herufi ni ya kutesa wazee. Nani anapinga?

Dawati la Malipo
Pole kwa msiba ndugu yangu. Mimi napinga, na sipingi kwa roho mbaya. Nimekaa upande ule mwingine wa kaunta miaka mingi. Ukisema "likikaribia lipite", likaribie nani? Wanjiku na Wanjiru wanaachana kwa herufi moja na hao ni watu wawili kabisa. Otieno na Atieno herufi moja pia, na kwa nyumba moja wanaweza kuwa kaka na dada, wote walizaliwa usiku, jina la baba ni lile lile. Na mirathi ndio mahali kaka na dada wanararuana. Hiyo sistimu yako ya kukaribiana ingemlipa Otieno pesa za Atieno na mngekuja kunililia mimi. Mashine ikikataa nimeumia siku mbili, ikikubali vibaya nimeumia kazi.

Njeri bila stress
"Nimeumia siku mbili" we ndio umeumia ama ni mathe wa watu anapanda matatu kutoka Umoja mara nne 😂

Mkoda wa Kahawa West
Ngojeni kidogo, mnagombana juu ya vitu viwili mkidhani ni kimoja.

Kuna kutafuta maneno kamili na kuna kupima ukaribu. Ya kwanza ni kama ukitafuta neno ndani ya faili kubwa, na hapo wataalamu walishamaliza kazi kitambo. Chukua njia ya Boyer na Moore ya 1977. Unatafuta "Githurai" kwa faili ya kurasa elfu moja, mashine haianzi na G, inachungulia mahali herufi ya nane ingekaa, ikipata pale kuna z inajua hakuna Githurai inaweza kupita hapo, inaruka nafasi nane zote bila kuangalia zingine. Ni kama matatu ya ekspresi Thika Road, hairudi nyuma na haisimami kila steji. Tamu sana hiyo, mimi nikiisoma mara ya kwanza nilishindwa kulala. Lakini haina huruma, ni iko ama haiko, na hiyo ndio ilimkataa mathe, au tuseme ndugu yake mdogo zaidi, ile ya kuuliza tu "hizi mbili ni sawa?"

Ya pili ni kupima umbali. Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti, mwaka wa 1965 alisema hesabu ni mara ngapi unaongeza, unatoa au unabadilisha herufi mpaka neno moja liwe lingine. Sasa Dawati ako sawa kabisa hapo, kwa majina ya Kenya hicho kipimo kinadanganya. Wanjiku na Wanjiru umbali ni 1, watu wawili. Wambui na Wamboi umbali ni 1, na mara nyingi ni mtu yule yule, karani aliandika venye alisikia. Mohamed na Muhammad umbali ni 3, na ni jina moja! Kwa hivyo ukiweka mpaka wako kwa 1 umemfungia nje Mohamed na umemwingiza Wanjiku kwa akaunti ya Wanjiru. Kitu cha maana hapa ni herufi GANI imekosana, hesabu peke yake haikwambii hiyo.

Kuna njia ingine ya sauti, Soundex, hiyo Robert Russell aliipatia hataza Marekani 1918, kabla hata kompyuta zizaliwe, na watu wa sensa kule waliitumia kupanga majina. Herufi ya kwanza unaibakisha kama ilivyo, vokali unatupa, konsonanti zinazofanana kwa sauti unazipa namba ile ile. Nimejaribu sasa hivi kwa karatasi: Mohamed na Muhammad zote zinatoka M530, safi. Wanjiku W522, Wanjiru W526, zimeachana, safi pia. Otieno O350, Atieno A350, imewatenganisha juu herufi ya kwanza haiguswi. Wambui na Wamboi W510 zote. Mnaona? Kitu ya 1918 imeshinda ile ya 1965 kwa majina yetu.

Lakini msisherehekee. Ilitengenezwa kwa masikio ya Wamarekani, kwao l ni namba 4 na r ni namba 6, na nyinyi mnajua saiba zetu, mtu anasema Lilian inaandikwa Lirian. L450 na L650, mgeni kabisa. Na Catherine na Katherine haiwezi, C na K imezishika. Mtu akae chini atengeneze ya kwetu, yenye inajua l na r ni majirani na inajua O na A za Wajaluo ni kaka na dada.

Mwalimu wa Kisw
Na mimi nina neno kuhusu ritifaa kabla vijana wa kompyuta hawajaitupa. Najua mtasema dawa ni kufuta hiyo alama kwa majina yote yaishe. Hapana jamani! Ng' na ng ni sauti mbili. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu ama tamaa, ukifuta alama umegeuza neno. Jina la mtu ni hivyo hivyo. Wengine wetu tumeshapewa vitambulisho bila ritifaa na tumebaki kuitwa majina ambayo babu hakutuachia.

Mkoda wa Kahawa West
Mwalimu hakuna mtu anafuta. Unaweka jina kama lilivyo, na kando yake unaweka nakala iliyosafishwa, herufi ndogo zote, ritifaa imeenda, nafasi mbili imekuwa moja, majina yamepangwa kwa alfabeti ndio Mary Achieng na Achieng Mary isiwe kesi. Kulinganisha unatumia nakala, kuchapisha unatumia ile ya babu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anajua anachofanya. Hiyo peke yake ingemlipa mathe wa Umoja na hakuna kitu ya kukaribiana imeguswa.

Kijana wa Umoja
Sawa nimekubali Otieno na Atieno, hapo nilikimbia. Lakini kanuni yangu inabaki, mashine isikatae mtu, ikiwa na shaka ipeleke kwa binadamu.

Mohamed wa Section One
Nyinyi wote mnaongea kama kukaribiana ni zawadi, kuja Eastleigh nikuonyeshe upande mwingine. Jina langu ni Mohamed na hayo mengine mawili ukiita hapa nje watu kumi wanageuka. Kila nikitumiwa pesa kutoka nje inashikwa, ati jina linakaribiana na mtu kwa orodha fulani. Nani? Hawasemi. Naleta pasipoti, naleta barua, wanaachilia, mwezi ujao tena. Kwa wewe wa Umoja mashine imekuwa kali sana na kwangu imekuwa legevu sana, na ni algorithimu ile ile mnaimba hapa, M530 yenu nzuri ndio inanifunga na kila Muhammad wa dunia!

Na sio mimi peke yangu. Huko Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Sergio Ramirez, 2011 alienda kununua gari California na mke wake na baba mkwe, wakamwambia jina lake liko kwa orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa, gari ikabidi inunuliwe na mke. Kampuni ya ripoti za mikopo, TransUnion, ilikuwa inalinganisha jina la kwanza na la mwisho tu, tarehe ya kuzaliwa haikuangaliwa. Kesi ilikusanya watu 8,185. Ikafika Mahakama ya Juu 2021, majaji wakasema ni 1,853 tu wanaweza kudai, wale ripoti zao zilikuwa zimetumwa kwa watu wengine, hao zaidi ya elfu sita waliobaki ati hawajaumia. Umeandikwa gaidi kwa faili na unaambiwa bado hujaumia.

Njeri bila stress
Ehe lakini Marekani hiyo hiyo ina mfano wa kinyume. Georgia, 2018 kabla ya uchaguzi, maombi ya kujiandikisha kupiga kura zaidi ya 50,000 yalishikwa, mengi sana juu ya sheria yao ya jina kufanana kamili na rekodi za serikali, hata kistari kati ya majina mawili kinaweza kukuangusha. Na wengi walioshikwa walikuwa Wamarekani weusi. Kwa hivyo kali inaumiza na legevu inaumiza, na ukiangalia wanaoumia ni wale majina yao hayakuwa kwa kichwa ya mtu wa kuandika programu.

Halafu tusijifanye hatuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, una haki usiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Dada wa kaunta akikwambia "sistimu imekataa" muulize ni nani kwa jina amekataa.

Dawati la Malipo
Njeri, nikuambie kinachofanyika ukiuliza hivyo. Kesi inakuja kwa dawati langu. Siku moja naletewa mia na kitu, zote mashine imesema "binadamu aangalie". Ya kumi naangalia kweli. Ya themanini nabonyeza tu. Hiyo ndio siri ya "ipeleke kwa binadamu" ambayo nyinyi hamuijui, binadamu anageuka mashine kabla ya saa sita. Afadhali zije tano na niziangalie vizuri.

Kwangu mimi jina lisiwe kigezo kabisa. Tumia namba ya kitambulisho, hiyo linganisha kamili bila huruma, na jina ionyeshwe mtu tu. Si ndio M-Pesa inafanya? Unaweka namba, inakuonyesha jina, wewe mwenyewe unasema huyu ni shemeji ama sio. Mashine haijalinganisha jina na kitu chochote hapo.

Mohamed wa Section One
Hiyo ni sawa kwa shemeji. Orodha za kushuku watu zina majina, wengi wao hawana namba ya kitambulisho ya Kenya. Mimi nasema hivi: ukitaka kunipa changu, legeza, ukitaka kunishuku, kaza. Jina pekee lisitoshe kunishika, liwe na tarehe ya kuzaliwa ama pasipoti.

Mkoda wa Kahawa West
Nakubaliana na Mohamed, na kitaalamu ni rahisi, mpaka unawekwa tofauti kwa kila kazi. Shida ni kwamba ofisi nyingi zinanunua kitu kimoja kutoka nje kikiwa na mpaka wake na hakuna mtu anagusa, ukiuliza kwa nini jina lipite likifanana kwa asilimia 85 unaambiwa ilikuja hivyo.

Dawati la Malipo
Mohamed nitakupinga kidogo. Mirathi ni kupeana ama ni kushuku? Mbele yangu ni zote mbili kwa dakika hiyo hiyo. Nikimlegezea mathe wa Umoja nimemlegezea pia yule mama wa pili ambaye hakuna mtu alikuwa anamjua mpaka siku ya mazishi.

Kijana wa Umoja
Apdeti. Tumerudi leo asubuhi. Binamu alinifunza cha kusema, nikamwomba yule dada afute hiyo koma ya juu kwa fomu aiandike upya na kibodi yake. Amefuta, ameandika, ikapita hapo hapo, sekunde tatu. Kiapo cha wakili hata hakufungua bahasha. Mathe amenyamaza njia yote kurudi Umoja sijui kama ni furaha ama hasira.

Njeri bila stress
Elfu mbili 😭

Dawati la Malipo
Nafurahi kwa mathe, kweli kabisa. Lakini umeona kilichotokea? Karani ambaye hana ruhusa ya kukubali jina limekosana, ana ruhusa ya kubadilisha jina lenyewe mpaka likubaliane, na ameambiwa aandike nini na mteja aliyesimama mbele yake. Leo ilikuwa ritifaa. Kuna nini kinamzuia kesho asifute O aweke A?

Mohamed wa Section One
Na mimi nimepata meseji saa hii, ya mwezi huu imeshikwa.