Majirani wa Naguru: Kazi ya likizo kuhusu Kapil Dev

Mama Shamim: Assalam aleikum majirani. Kocha, mtoto karudi kutoka mazoezi ya kriketi Lugogo na kazi ya kusoma habari za Kapil Dev. Ni nani huyo? Mbona hamkuwapa mchezaji wa kwetu?

Kocha: Waaleikum salaam Mama Shamim. Ni Mhindi wa Chandigarh, alizaliwa Januari 1959. Alirusha kwa kasi, na gongo la kupigia mpira alilitumia kwa ukali. Mechi za Test, zile ndefu za siku tano baina ya nchi, 131. Mikimbio, yaani pointi za kupiga, 5,248. Wiketi, yaani wapigaji aliowatoa, 434. Hakuna mwingine aliyepita mikimbio 5,000 na wiketi 400 katika Test. Nimemchagua kwa sababu vijana wetu wanadhani ukali ni kupiga kila mpira hadi barabara ya Jinja kando ya uwanja.

Baba Hamza: Waeleze ya Tunbridge Wells, Kocha.

Kocha: Kombe la Dunia 1983 Uingereza, India na Zimbabwe, mji huo wa Tunbridge Wells. Kapil, nahodha, anaingia India ikiwa na mikimbio 9, wiketi 4 chini, yaani wapigaji wanne wameshatolewa. Mara ikawa mikimbio 17, wiketi 5 chini. Asubuhi ile mpira ulikuwa unapindapinda sana, kwa hiyo hakukimbilia sita, ule mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini. Alichukua moja moja, akangoja mpira uchakae na warushaji wachoke. Ndipo akafungua mikono. Alimaliza na 175 bila kutolewa, kwa mipira 138, nne 16 (mipira iliyovuka mpaka ikiwa imegusa chini) na sita 6.

Baba Hamza: Na msimsahau Kirmani, mpigaji mwenzake. Alikuja wiketi 8 zikiwa chini kwa 140, wakaongeza 126 wawili hao bila kutengana. Yeye 24 tu! Kazi yake ilikuwa kulinda wiketi na kumrudishia Kapil zamu. India 266, Zimbabwe 235. Siku saba baadaye, uwanja wa Lord's, London, wakaifunga West Indies fainali.

Mama Shamim: Hiyo ipo YouTube?

Baba Hamza: Ya Zimbabwe haipo. Haikurekodiwa na televisheni. Mtafutie fainali, aangalie Kapil anavyodaka mpira na kumtoa Viv Richards, mpigaji wa West Indies. Anakimbia kuelekea nyuma, macho juu ya bega, mpira unashuka mbele yake. Watoto wengi hurudi kinyumenyume wakiwa wameuelekea mpira, visigino vinajikwaa. Geuka kwanza, kimbia, halafu uutafute.

Junior: Kocha, na heshima zote, hizo zilikuwa ova 60 kwa kila timu, ova moja mipira sita. Sisi tunacheza T20, ova 20 tu. Ukingoja, ova zinakwisha.

Kocha: Junior, Juni 2024 pale Guyana, Cricket Cranes, timu yetu ya Uganda, walitafuta mikimbio 78 dhidi ya Papua New Guinea. Wiketi 5 zilianguka kwa 26. Riazat Ali Shah alicheza mipira 56 kupata 33, tukashinda ova ya 19. Hiyo ilikuwa T20, Kombe la Dunia. Kwanza tazama ubao: zinatakiwa ngapi, mipira mingapi, nani yuko upande wa pili.

Kocha: Test ya Lord's 1990 dhidi ya Uingereza vilevile. India 430, wiketi 9 chini (ya kumi ikianguka zamu imekwisha), inahitaji 24 ili isilazimishwe kupiga tena papo hapo. Upande wa pili yuko Hirwani, ambaye kupiga hakujui. Kapil alizuia mipira miwili ya Hemmings, mrushaji wa Uingereza, kisha akapiga sita nne mfululizo. 24 kamili! Mpira uliofuata Hirwani akatoka. Angemwachia yeye kazi ile, wangepungukiwa.

Baba Hamza: Lakini tuseme na upande wa pili. 1984, mechi ya Delhi na Uingereza, alipiga vibaya timu ikihitaji kuokoa mechi. Akaachwa mechi iliyofuata, Calcutta. Ndiyo Test pekee aliyokosa tangu 1978 hadi 1994. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu kuliko sita zote: mrushaji wa kasi, miaka 16, bila kukosa Test kwa jeraha.

Mama Shamim: Huyu wangu anataka kurusha kama yeye. Afanyeje?

Kocha: Mpira wake mkuu ulipinda kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Vidole viwili juu ya mshono, gumba chini. Mshono usimame wima, uelekee slipu ya kwanza, yaani mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji kando kidogo. Upande unaong'aa uwe kulia kwa mrushaji. Usugue kwa jasho na suruali, mate yamekatazwa. Ukiachia, kiganja kibaki nyuma ya mpira. Kifundo kikilegea, mshono unayumba, mpira unanyooka na unapigwa nne.

Kocha: La pili ni mwili. Kapil aliruka ubavu ukimwelekea mpigaji, nyonga na mabega vyote upande mmoja. Mtoto akielekeza nyonga mbele na mabega ubavu, mgongo unajisokota kila mpira, na mfupa wa chini ya mgongo unapata ufa. Uingereza, mrushaji wa kasi wa chini ya miaka 13 hapewi zaidi ya ova 5 mfululizo, 10 kwa siku. Hata ova za uwanja wa nyuma ya nyumba zinahesabiwa, ssebo Junior, maana nakuona unavyowarushisha.

Junior: Nimekupata Kocha 🙏

Mama Shamim: Na mpira ninunue upi?

Kocha: Wa watoto, gramu 133 hadi 144. Wa wakubwa unafika 163, vidole vyake havitaushika vizuri, atauminya na kiganja na mshono hautasimama. Kofia ya chuma ya kupigia tutamwazima hapa. Jumamosi aje saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza.