Expressway ya Nairobi: laini ya keshi ifungwe, kila mtu abandike kifaa?

Msafiri wa Syoki: Wakubwa, nauliza tu. Unapanda hii barabara ya kulipia pale Mlolongo, unateleza vizuri juu kwa juu, kufika pa kutokea na kulipa unakwama kwa sababu mtu anatafuta pesa chini ya kiti. Mwenye kifaa cha kulipia kwenye kioo anapita, kizuizi kinainuka, pesa zinakatwa, kwaheri. Keshi ni ya nini? Leo aliyekuwa mbele yangu alitoa sarafu za kumi kumi kwa mfuko wa plastiki. Probox, ile Toyota ya kubeba mizigo ya soko, bila shaka.

Baba Soko: Probox imekukosea nini? Hiyo sukuma uliyokula jana ilikuja na Prado?

Nyota ya South B: Mimi hupanda mara mbili kwa mwezi nikikimbilia ndege. Pesa yangu ilale kwa kifaa ikifanya nini? Tena gari dogo Mlolongo hadi Westlands lilikuwa shilingi 360, mwaka 2024 wakapandisha hadi 500.

Msafiri wa Syoki: Dada, si lazima kifaa. Kuna kadi, unagusisha tu. Na hujalazimishwa kupanda, Mombasa Road iko hapo chini bure.

Nyota ya South B: Bure? Ile jam unailipa kwa mafuta.

Wa Nyuma: Na hizo mia tano zinaenda kwa Wachina walioijenga, miaka 30!

Karani Mstaafu: 27. Kilomita 27, miaka 27. Hata ya kukariri imekushinda.

Wa Nyuma: Mzee, hiyo mitatu ya ujenzi umeimeza? Rudi kwa pensheni yako.

Baba Soko: Bado nangoja jibu la Probox.

Dereva wa Probox: Jibu ninalo mimi. Kifaa ninacho tangu 2022. Juzi nilisahau kuongeza pesa. Kizuizi kikagoma, simu imezima chaji, nyuma honi kama harusi. Mama wa kibandani akachungulia, akaniuliza kwa upole, "Keshi hauna?" Nikatoa mia tano ya mboga, nikapita. Laini ya keshi ingekuwa imefungwa, ningekuwa bado pale na nyanya zinaiva.

Msafiri wa Syoki: Kwa hiyo unakiri ni Probox iliyoziba laini.

Baba Soko: Huyu kijana hasomi! Ameambiwa kifaa ndicho kilikwama, keshi ikamtoa.

Nyota ya South B: Hebu tumalize ya kifaa. Gari ni la mume, mimi naliendesha wikendi tu. Pesa anaweka nani?

Wa Nyuma: Mwenye kuuliza.

Karani Mstaafu: Kijana wangu, mwaka 1998 tulikuwa tunasimama saa mbili pale Nyayo Stadium na hakuna aliyetukana gari la mwenzake.

Wa Nyuma: 1998 Probox hazikuwepo, mzee.

Dereva wa Probox: Yangu ni ya 2010 na haijawahi kunilaza njiani.

Msafiri wa Syoki: Lita moja inakupeleka kilomita ngapi? Nauliza tu.